Kumpokea Mgeni kutoka Ng'ambo: Mwongozo Kamili wa Idhini ya eTA na Taratibu za Kuingia Kenya kupitia Mombasa

Tangu tarehe 1 Januari 2024, Kenya imeacha kutoa viza kwa wageni wanaokuja matembezi, na badala yake imeweka idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni kabla ya safari, ambayo kila mtu, kuanzia maafisa wa uhamiaji hadi madereva wa teksi pale uwanja wa ndege wa Moi, huiita eTA. Rais William Ruto alipoyatangaza mabadiliko hayo katika sherehe za Jamhuri za tarehe 12 Desemba 2023, wengi katika mji wetu waliyashika maneno ya kwamba viza imeondolewa wakayaacha yaliyofuata, na hadi leo wapo wanaowahimiza jamaa zao walioko Muscat, London au Dubai wakate tiketi tu waje. Mgeni wa namna hiyo hafiki hata Mombasa. Shirika la ndege hukagua idhini kule kule anakoondokea, na asipokuwa nayo haruhusiwi kupanda.

Mwongozo huu unamlenga mwenyeji zaidi kuliko mgeni, awe ni familia ya Mji wa Kale inayomngoja shangazi, mwenye nyumba za kukodisha Nyali au Bamburi, au mwongoza watalii anayepigiwa simu usiku na mteja aliyekwama. Mengi yanayoulizwa kwenye fomu, kama vile anwani ya malazi, barua ya mwaliko na nambari ya simu ya hapa, yamo mikononi mwa mwenyeji, na mwenyeji anapozembea, mgeni huyajaza kwa kukisia.

Je, mgeni wako anahitaji idhini?

Kinachoangaliwa ni pasipoti atakayosafiria, wala si nchi anayoishi. Mtanzania aliyehamia Ujerumani miaka mingi, maadamu anasafiri kwa pasipoti ya Tanzania, huhesabiwa Mtanzania. Mjerumani anayeishi Arusha hubaki kuwa Mjerumani.

Raia wa Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huingia bila eTA kwa kuwa nchi zao ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wanaweza kukaa hadi miezi sita. Waganda na Wanyarwanda huweza hata kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa, kutokana na makubaliano yaliyoanza kutumika mwaka 2014. Tanzania haikuingia katika makubaliano hayo, kwa hiyo jamaa wa Tanga au Pemba anayekuja harusini asidhani kitambulisho chake kitatosha. Ajitafutie pasipoti au hati ya muda ya kusafiria kabla ya kufika mpakani.

Mnamo Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba raia wa nchi zote za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya, wasamehewe idhini hii na wakubaliwe kukaa hadi miezi miwili. Hapo pana jambo linalozitatiza familia nyingi za Mombasa zenye udugu na biashara Kismayu na Mogadishu. Somalia imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2024, lakini imeachwa nje ya msamaha kwa sababu za kiusalama, na mwenye pasipoti yake asichukulie kwamba uanachama wa nchi umemwondolea haja ya kuomba.

Mwenye pasipoti ya Oman, Yemen, Falme za Kiarabu, India, Uingereza, Italia, Ujerumani au Marekani anahitaji eTA, na kila msafiri huwa na yake, hata mtoto mchanga anayebebwa mgongoni. Wasiohitaji ni wenye vibali halali vya kazi au vya ukaazi nchini, wafanyakazi wa meli na ndege walio kazini, na abiria wa kupita ambao hawatoki nje ya eneo lao uwanjani. Huyu wa mwisho awe mwangalifu: aliyekata tiketi mbili tofauti na kulazimika kutoka kuchukua mizigo yake Nairobi ili aisajili upya amekwisha kuingia nchini, hata kama ataondoka baada ya saa tatu.

Limebaki kundi ambalo halisemwi sana, nalo ni la Wakenya wa asili wenye pasipoti za kigeni. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na inamtambua mtoto wa Mkenya kuwa raia wa kuzaliwa hata akizaliwa Jeddah au Leicester. Afisa aliye dawatini, hata hivyo, huangalia kitabu kilicho mkononi mwake, hasomi nasaba ya mtu. Mwenye pasipoti hai ya Kenya aitumie hiyo. Asiyenayo aombe eTA kama mgeni mwingine yeyote, na mambo ya uraia ayafuatilie kwa utulivu akishafika.

Hatua ya kwanza: kutayarisha karatasi na picha

Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita kuanzia siku ya kufika Kenya, na iwe na angalau ukurasa mmoja mtupu wa kugongwa muhuri. Ukaguzi huu ufanywe kabla ya kununua tiketi, kwa sababu kubadilisha pasipoti katika baadhi ya nchi huchukua wiki kadhaa. Isitoshe, idhini hufungamana na nambari ya pasipoti iliyoombewa, na mtu akiomba kwa kitabu cha zamani kisha akapata kipya, itambidi aombe na kulipa tena.

Baada ya hapo ipigwe picha ya ukurasa wenye taarifa za mwenye pasipoti. Pembe zote nne zionekane, mwanga wa taa usilete madoa meupe juu ya maandishi, na ile mistari miwili ya herufi na alama iliyo chini kabisa isikatwe, kwani ndiyo inayosomwa na mashine. Picha ya uso ipigwe mbele ya ukuta mweupe, bila miwani ya jua wala kofia. Ushungi unaoacha uso wote wazi haulalamikiwi.

Tiketi au ratiba ya safari itayarishwe, ikionyesha ndege ya kuja na ya kuondoka, na vilevile uthibitisho wa malazi. Kwa anayefikia hoteli, karatasi ya hoteli inatosha. Kwa anayefikia nyumbani kwa watu, inahitajika barua ya mwaliko, na hii ndiyo sehemu ambayo wenyeji wengi huiandika kwa haraka mno.

Barua ya mwaliko haina haja ya maneno matamu. Itaje jina kamili la mwenyeji kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho chake, simu yake, uhusiano wake na mgeni, jina la mgeni na nambari ya pasipoti yake, tarehe ya kufika na ya kuondoka, na mahali atakapolala. Iwekwe sahihi na tarehe, kisha iambatanishwe na nakala ya kitambulisho cha mwenyeji pande zote mbili. Mwenyeji ambaye ni mgeni mkaazi aambatanishe kibali chake. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na mtu asiye mzazi wake, achukue pia barua ya ridhaa kutoka kwa mzazi asiyesafiri na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Hata kama hataulizwa Kenya, anaweza kuulizwa anakotoka.

Anwani nayo ina shida yake hapa kwetu. Nyumba nyingi za Kibokoni, Majengo, Kisauni na Likoni hazina nambari ya mtaa inayojulikana na mtu yeyote zaidi ya mwenyewe, na mgeni akiachiwa kisanduku cha anwani ataandika "Mombasa" peke yake. Mpe maandishi kamili ayanakili: mtaa, jina la barabara au kichochoro, jengo, msikiti au shule iliyo jirani, kisha mji, sanduku la posta ukiwa nalo, na simu. "Mji wa Kale, nyuma ya Fort Jesus, nyumba ya ghorofa mbili" ni anwani inayoeleweka na afisa yeyote wa Mombasa. Ayajue maneno hayo kwa moyo pia, kwani huenda akaulizwa kwa mdomo.

Hatua ya pili: kujaza fomu

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya serikali, etakenya.go.ke. Angalia mwisho wa anwani hiyo, kwa sababu mtu akitafuta kwa maneno ya kawaida kwenye mtandao atakutana na kurasa zenye bendera ya Kenya, picha za simba na jina linalofanana, ambazo ni za mawakala binafsi wanaotoza ada kubwa zaidi kwa kazi ile ile. Baadhi yao huwasilisha maombi kweli, wengine hawajulikani. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya kuwalipa, kwa maana fomu si ngumu kwa mtu aliyetayarisha karatasi zake, na wakala akikosea herufi moja ya jina, anayekwama safarini ni mgeni.

Tahadhari kama hiyo inawahusu wanaokwenda saiba, yaani duka la huduma za mtandao, kujaziwa. Si vibaya kusaidiwa, lakini picha ya pasipoti ya mgeni isiachwe kwenye kompyuta ya watu, na barua pepe inayojazwa iwe ya mgeni mwenyewe au ya jamaa wa karibu, kwa kuwa jibu na maswali ya ziada hutumwa huko.

Tovuti itauliza kwanza kama maombi ni ya mtu mmoja au ya kundi. Familia inaweza kuomba pamoja, ingawa kila mmoja hupewa idhini yake. Kisha huja majina, na hapa nashauri subira kubwa kuliko mahali pengine popote. Pasipoti za Ghuba mara nyingi hubeba jina la mtu, la baba, la babu na la ukoo, pamoja na "bin" au "al" katikati, ilhali tiketi hukatwa kwa majina mawili na barua ya mwaliko huandikwa kwa jina la nyumbani ambalo hata halimo kwenye pasipoti. Fomu ijazwe kwa kufuata pasipoti, herufi kwa herufi, jina la ukoo likiwekwa mahali pake na majina mengine yote mahali pake, kwa mpangilio unaoonekana kwenye ile mistari miwili ya chini. Baada ya hapo tiketi na barua zilinganishwe na fomu. Aliyezoewa kuitwa Mwanasha na pasipoti ikasema Aisha, aandikwe Aisha kila mahali.

Makosa mengine ya kawaida ni madogo kwa kuyatazama: herufi O iliyosomwa kuwa sifuri kwenye nambari ya pasipoti, tarehe ya kuisha iliyowekwa mahali pa tarehe ya kutolewa, na tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa na Mmarekani aliyezoea kutanguliza mwezi. Kitu kimoja tu katika hivyo chatosha kuifanya idhini isilingane na kitabu.

Sehemu inayofuata huuliza kusudi la safari, tarehe, ndege, mahali pa kuingilia na malazi. Kusudi litajwe kwa ukweli. Anayekuja mkutano wa kibiashara ataombwa barua ya kampuni inayomwalika, na anayekuja kuwatembelea jamaa ataombwa ile barua ya mwenyeji. Kujiandikisha mtalii ili kuukwepa usumbufu huo ni kujitengenezea maswali siku ya kufika. Yapo pia maswali kuhusu makosa ya jinai, safari zilizopita, na fedha au bidhaa atakazokuja nazo. Yajibiwe yote bila kuruka.

Malipo hufanywa kwa kadi ya benki. Ada ya kawaida ni dola 30 za Marekani, na juu yake huongezwa gharama ndogo ya kupitisha malipo. Ada hairudishwi, hata maombi yakikataliwa, ndiyo maana ukaguzi wa mwisho ufanyike kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa.

Hatua ya tatu: wakati wa kuomba na kungoja jibu

Muda wa kawaida wa kushughulikia maombi ni siku tatu za kazi, na siku za kazi maana yake si Jumamosi, si Jumapili, wala si sikukuu. Mtu anayeomba Alhamisi kabla ya Pasaka au Idd ajue hesabu yake itaanza kutembea baadaye sana. Ipo njia ya haraka kwa ada ya ziada, lakini iwe ya dharura, msiba kwa mfano. Kuomba wiki mbili kabla ya safari kunatosha kabisa na kunaacha nafasi ya kujibu swali likitumwa.

Kuomba mapema kupita kiasi nako kuna hasara, kwa kuwa idhini ya kawaida hudumu siku 90 tangu itolewe, na ndani ya muda huo mgeni awe amekwisha kuingia. Ni ya kuingia mara moja.

Ikitolewa, hutumwa kwa barua pepe. Ichapishwe kwenye karatasi, na nakala iwekwe kwenye simu ya mgeni na ya mwenyeji. Mgeni aisome yote mwenyewe: jina, nambari ya pasipoti, uraia. Na aelewe kwamba karatasi hiyo inamruhusu kusafiri kuja mpakani tu. Uamuzi wa kumkubali au kumkataa, na wa siku ngapi atakaa, ni wa afisa wa uhamiaji anayempokea.

Cheti cha homa ya manjano

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hutakiwa kwa msafiri aliyetimiza mwaka mmoja au zaidi anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo. Uganda, Ethiopia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo kwenye orodha hiyo. Ulaya na Ghuba hazimo. Chanjo huanza kuhesabiwa kuwa halali siku kumi baada ya kudungwa, kwa hiyo kuchanjwa usiku wa safari hakusaidii, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa kwamba kitakwisha baada ya miaka kumi.

Mgeni anayetoka London anaweza kudhani jambo hili halimhusu, na kwa kuingia Kenya ni kweli. Lakini wageni wengi wa Mombasa huendelea Zanzibar, na Tanzania huihesabu Kenya miongoni mwa nchi zenye hatari, hivyo yule yule ambaye hakuulizwa cheti akishuka Mombasa ataulizwa akivuka kwenda upande wa pili. Mwambie achanjwe kwao kabla hajaanza safari.

Hatua ya nne: kufika na kupita uhamiaji

Uwanja wa ndege wa Moi hupokea ndege za moja kwa moja kutoka miji kama Addis Ababa, Istanbul na Dubai. Mgeni akishuka hupita kwenye ukaguzi wa afya, kisha dawati la uhamiaji, ambako pasipoti na idhini hulinganishwa, alama za vidole huchukuliwa na picha hupigwa. Maswali ni ya kawaida, anakwenda wapi, kwa nani, kwa siku ngapi, na yajibiwe kwa ufupi na kwa namna inayokubaliana na fomu. Mwenyeji aiache simu yake wazi saa hizo, kwani afisa akitaka kuthibitisha mwaliko atapiga nambari iliyo kwenye barua, na simu iliyozimwa ni ushahidi mbaya.

Kabla ya kuondoka dawatini, mgeni asome muhuri aliogongewa. Tarehe na idadi ya siku alizopewa ndizo zitakazomhukumu baadaye, hata kama aliomba nyingi zaidi, na kosa likionekana hapo hapo hurekebishwa kwa dakika moja.

Anayepitia Nairobi humaliza mambo ya uhamiaji na forodha huko huko kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta, wala si Mombasa, kwa hiyo asikate tiketi ya ndege ya ndani inayoondoka mara tu baada ya kutua. Akipendelea reli, treni ya Madaraka huanzia kituo cha Syokimau na kuishia Miritini, na pasipoti iwe mkononi kwa kuwa hutakiwa kwenye tiketi na kwenye ukaguzi.

Kwa njia ya barabara, wanaotoka Tanga huingilia Lunga Lunga, kiasi cha kilomita 100 kusini mwa Mombasa, mkabala na Horohoro ya Tanzania. Hiki ni kituo cha pamoja: anayeingia Kenya hugongewa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya ndani ya jengo moja la upande wa Kenya, na anayetoka hufanya vivyo hivyo upande wa Tanzania. Mfumo huo huo unatumika Taveta na Holili kwa wanaotoka Moshi. Mpakani hakuuzwi eTA, na mtandao wa simu pale si wa kutegemea, kwa hiyo mtalii Mzungu aliyeko kwenye basi la Dar es Salaam awe amekwisha kuipata siku kadhaa nyuma. Basi likiwa na abiria wengi, ashuke mapema na asimwachie utingo pasipoti yake. Anayekuja na gari lenye nambari za kigeni ashughulikie kibali cha muda cha forodha na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA.

Baharini, anayetoka Pemba kwa boti na kushuka Shimoni apite ofisi ya uhamiaji hapo kabla ya kuanza safari ya Diani. Kuingia bila muhuri, hata kwa kutojua, ni kosa ambalo halionekani hadi siku ya kutoka.

Mizigo na forodha

Fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani au zaidi ni lazima zitangazwe. Mtu mzima anaruhusiwa kuingiza lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo bila ushuru, na tumbaku isiyozidi gramu 250. Jamaa kutoka Dubai wanaokuja na simu tano, marashi ya kugawa na majora ya vitambaa waelewe kwamba vitu vya matumizi ya mtu ni kitu kimoja na shehena inayofanana na ya duka ni kingine. Stakabadhi za ununuzi wazibebe, na wakiulizwa waseme ukweli, kwa sababu ushuru wa haki huwa nafuu kuliko mzigo kuzuiliwa.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, ikiwemo ile ya maduka ya uwanja wa ndege, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na fukwe zilizohifadhiwa. Droni isiyo na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege huzuiliwa. Nguo zenye madoadoa ya kijeshi zibaki kwao. Dawa za hospitali ziwe kwenye vifurushi vyake pamoja na karatasi ya daktari. Wakati wa kuondoka, matumbawe na vitu vilivyotengenezwa kwa gamba la kobe visitiwe sandukuni hata kama muuzaji wa ufukweni ameapa kwamba ni halali.

Kukaa, kuongeza siku, na suala la kazi

Mgeni wa kawaida hupewa hadi siku 90. Akitaka zaidi, huomba nyongeza kupitia huduma za wageni za Idara ya Uhamiaji kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kwa Mombasa hufuatilia kwenye ofisi za uhamiaji zilizo jengo la Uhuru na Kazi. Muda wote wa matembezi, pamoja na nyongeza, hauzidi miezi sita. Ombi liwasilishwe kabla siku hazijaisha. Wiki mbili mapema ni busara. Mgeni anayekusudia kukaa zaidi ya miezi mitatu anatakiwa pia kujiandikisha kama raia wa kigeni.

Kupitisha siku si jambo la kuchezewa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayekuwamo nchini bila idhini. Mgeni aliyegundua kwamba amezipita siku zake aende mwenyewe ofisini akajieleze, asingoje kugunduliwa uwanja wa ndege huku ndege yake ikiita abiria.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Idara ya Uhamiaji haikubaliani nao. Aliyeingia kwa matembezi haruhusiwi kufanya kazi, na kazi hapa ina maana pana: kufundisha kuogelea hotelini kwa ujira, kupiga muziki ukumbini, kusimamia nyumba ya kukodisha, hata kujitolea katika kituo cha watoto bila mshahara. Kwa shughuli fupi kuna kibali maalumu ambacho muda wake hauzidi miezi sita, na kwa ajira kuna vibali vya kazi vya madaraja mbalimbali, na mwajiri ndiye anayepaswa kuanza kuvishughulikia. Wenye hoteli ndogo na vituo vya hisani vya pwani ndio wanaoponzwa zaidi na jambo hili, kwa vile mgeni mkarimu hujitolea kusaidia na hakuna anayefikiri kwamba msaada nao unahitaji karatasi.

Kwenda Zanzibar na kurudi, na pasipoti ikipotea

Mgeni aliyekwisha kuingia Kenya kwa eTA anaweza kwenda katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na kurudi Kenya moja kwa moja bila kuomba idhini mpya, mradi hakutoka nje ya nchi hizo na muda wake wa kukaa haujaisha. Akipitia Zanzibar na kurudi Mombasa ni sawa. Akienda Zanzibar, kisha Doha, kisha akataka kurudi, aombe upya. Tanzania nayo ina masharti yake, ikiwemo viza ya dola 50 kwa wengi na dola 100 kwa Wamarekani, na Zanzibar imeweka bima ya lazima ya dola 44 tangu Oktoba 2024. Kwa anayepanga kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda, ipo viza ya pamoja ya utalii ya dola 100 inayodumu siku 90, ambayo huombwa kwa nchi atakayoingia kwanza, Tanzania haimo.

Pasipoti ikipotea au kuibwa, mahali pa kwanza ni kituo cha polisi kilicho karibu, ili ipatikane hati ya kuthibitisha kwamba taarifa imepokewa. Balozi nyingi ziko Nairobi, ingawa India na Tanzania zina ofisi zao hapa Mombasa, na ubalozi ndio unaotoa hati ya dharura ya kusafiria. Hati hiyo haina muhuri wa kuingia, kwa hiyo mgeni huhitaji kupita ofisi ya uhamiaji ili kumbukumbu ya kuingia kwake itafutwe na kuthibitishwa kabla ya siku ya safari. Kazi hiyo huwa nyepesi zaidi kwa aliyepiga picha ya ukurasa wenye muhuri tangu siku ile aliyotoka dawatini na kuituma kwenye simu ya mwenyeji wake, pamoja na nakala ya eTA na ya ukurasa wa taarifa zake.